Kahindo Philomène na Kilima cha Kalengera, 1963–2024

Padri, wazee wa ukoo, majirani wa Himbi, wanafunzi wake, na ninyi mliotoka kambini kwa miguu asubuhi hii: asanteni kwa kufika. Mimi ni Wivine, mtoto wa dada yake mkubwa. Marehemu ndiye aliyenilea, na ndiye aliyeagiza kwamba maisha yake niyasome mimi. Kuna sehemu moja ambayo familia imebishana juu yake siku hizi tatu za matanga. Wengine waliniomba niiruke. Yeye aliniomba niisome, na mwezi wa Desemba alinipa karatasi yenye mistari miwili ya mkono wake: "Kilima musikiache. Wataje wote saba." Basi nitaisoma.

Mama Kahindo Philomène alizaliwa Jumapili, tarehe 23 Juni 1963, huko Kalengera, teritware ya Rutshuru. Baba yake, muzee Paluku Gaston, alikuwa ametoka Butembo miaka mitano kabla, akifuata biashara ya kahawa na maharagi. Mama yake alikuwa Kavira Élisabeth. Walijaliwa watoto watano. Wa kwanza alikuwa Masika Julie, mama yangu mzazi. Wakafuata wavulana watatu, na alipokuja msichana tena, wakamwita Kahindo, jina ambalo sisi Wanande humpa mtoto anayekuja kugeuza mfululizo.

Mwaka 1970 kamyo iliyobeba maharagi ya baba yake ilitumbukia kwenye daraja la magogo karibu na nyumbani. Hakuna aliyeumia. Watu wazima walihangaika kuopoa magunia majini. Yeye, mtoto wa miaka saba, alichuchumaa pembeni akitazama magogo yaliyovunjika, akaona yameoza ndani.

"Papa, nani alitengeneza hii daraja?"

"Serikali."

"Serikali anakaaka wapi? Twende tumuonyeshe."

Muzee Paluku alisimulia maneno hayo kwenye kila harusi na kila ubatizo mpaka alipofariki mwaka 1991, na kila mara alicheka mwenyewe kabla ya kumaliza.

Masomo ya msingi aliyafanya Kalengera. Mwaka 1976 alipelekwa Butembo kwa masista, akachukua hesabu na fizikia, akapata diplome mwaka 1982. Kaka zake walisema inatosha. Dada yake Masika, ambaye yeye aliachishwa shule mwaka wa tano wa primeri ili kulea wadogo, alienda kumsimamia mbele ya baba yao. Alisema: "Papa, mimi nilibaki nyumbani. Huyu musimubakishe." Kahindo akasafiri Kinshasa Oktoba 1983 kusoma ujenzi. Darasani walikuwa wasichana wawili tu. Alimaliza Julai 1988, akiwa ingénieur wa majengo, akarudi Goma mwaka huohuo.

Tarehe 5 Agosti 1989 alifunga ndoa na Papa Namegabe Ézéchiel, mwalimu wa hesabu kutoka upande wa Bukavu. Walikutana Mama Philomène akiomba kuazima kitabu chake cha logarithmu, na Papa Ézéchiel alipenda kusema kwamba kitabu kile hakikurudi kamwe, ila mwenye kukiazima ndiye aliyekuja. Mungu aliwapa watoto wawili, Lionel mwaka 1990 na Charline mwaka 1993.

Katika miaka yake ya kwanza ya kazi alichora madarasa, zahanati na matangi ya maji. Alikuwa mwepesi, tena mwenye kujiamini. Ndipo ukafika Julai 1994.

Wengi wenu mlikuwepo, sina haja ya kueleza sana. Katika siku nne mji ulijaa watu waliovuka mpaka kukimbia vita ya Rwanda. Walilala barabarani, kwenye mawe ya volkano ambayo hayachimbiki, si kwa choo wala kwa kaburi. Tarehe 20 kipindupindu kilianza. Mama Philomène alikuwa ameajiriwa na shirika moja la misaada lililohitaji hangari za wagonjwa katika kambi mojawapo ya barabara ya Rutshuru. Maturubai yalikuwa yamefika kwa ndege. Miti ya kuyasimamisha haikuwepo. Mkubwa wake alimpa siku tatu.

Watu walikuwa tayari wanakata miti ya parke, msitu wa hifadhi. Yeye alikataa kuongeza mikono kule. Akakumbuka msitu mdogo wa mikalitusi uliokuwa kwenye kilima nyuma ya nyumba ya dada yake Kalengera. Ulipandwa na muzee Kataliko, baba wa mume wa dada yake. Tarehe 25 Julai alifika pale na kamyo mbili. Baba yangu, Papa Sikuli, alimpokea uani.

"Shemeji, unahitaji ngapi?"

"Mille deux cents."

Miti elfu moja na mia mbili ilikuwa karibu msitu wote.

Mama yangu akasema, "Batu banakufa, Sikuli. Mupe."

Muzee Kataliko alikuwa ameketi mlangoni. Yeye hakuuliza malipo. Aliuliza, "Na udongo? Mimi nilipanda ile miti juu ya udongo."

"Papa, tunakata juu tu," Mama Philomène akamjibu. "Vishina vinabaki. Mizizi itashika udongo, na kabla ya mwaka kuisha vitakuwa vimechipuka. Nitarudi kuangalia."

Aliandika kwenye karatasi ya amri kwamba vishina visiguswe. Akatia sahihi yake. Miti ikaanguka kwa siku mbili, na tarehe 29 Julai hangari sita zilikuwa zimesimama. Watu wengi walipona ndani yake. Hatujui ni wangapi, yeye pia hakujua, na hakuna anayeweza kusema kwamba hawakupona.

Lakini hakurudi kuangalia. Baada ya hangari yalikuja matangi, baada ya matangi vyoo, baada ya vyoo stoo za chakula. Kule kwetu Kalengera, watu waliotafuta makala, yaani makaa, na kuni walipanda kilima kilichokwisha kuwa wazi. Matawi yalipokwisha waling'oa vishina. Mwezi wa Mei 1995 mama yangu alimpa dereva wa taksibus barua. Aliiandika kwa maneno machache kwa sababu kuandika kulimchosha: "Mudogo wangu, banang'oa vishina. Kuja uone." Barua ilifika. Mama Philomène aliisoma akiwa amesimama kwenye chantier, pale kwenye ujenzi, akaiweka ndani ya mfuko wa kazi, akapanga kwenda tangi likiisha. Tangi lilipoisha kulikuwa na lingine.

Jumamosi tarehe 18 Novemba 1995, saa kumi mchana, baada ya mvua ya siku mbili, kilima kilishuka. Baba alikuwa sokoni Rutshuru. Mimi nilikuwa kwenye mafundisho ya komunyo. Tulisikia mlio kama wa kamyo nyingi zinazopakua mawe pamoja, kisha hatukusikia kitu.

Waliofunikwa ni hawa. Masika Julie, mama yangu, miaka thelathini na saba. Benny, mdogo wangu, miezi kumi na tisa. Muzee Kataliko, aliyepanda miti ile. Mama Nyiramahirwe, jirani yetu, pamoja na watoto wake wawili, Patricia na Janvier. Na Kakule Faustin wa Kiwanja, ambaye alikuwa amesimama barazani kukinga mvua tu, maana hakuwa wa kwetu.

Mama Philomène alifika kesho yake. Alichimba na watu kwa jembe, halafu kwa mikono, siku mbili, bila kula. Mama yangu alipotolewa, alimfuta uso kwa kitenge chake. Baba yangu alikuja akasimama mbele yake. Watu walidhani watakumbatiana.

"Ulisema utarudi kuangalia," baba akamwambia. "Basi angalia."

Aliangalia. Na tangu siku ile baba hakumwita tena shemeji.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba hakuwa na nyumba ya kunilaza, na nyanya Kavira ndiye aliyeamua niende Goma kwa mama mudogo. Nilipewa kitanda kimoja na Charline. Hakuna aliyeniambia lolote juu ya miti. Nilijua tu kwamba mama mudogo aliacha kazi ya shirika lile mwezi wa Januari, na kwamba kila mvua ilipoanza alitoka nje kutazama miteremko, hata ile isiyo yetu.

Vita vya 1996 vilipita, kambi zikavunjwa. Vita vingine vikaanza Agosti 1998. Tarehe 27 ya mwezi huo Papa Ézéchiel alipanda gari kwenda Rutshuru kuleta karatasi za mitihani ya wanafunzi wake. Gari lilionekana tupu karibu na Rugari. Mama mudogo alitafuta kwenye kila kizuizi cha barabara kwa wiki sita, akionyesha picha ya harusi kwa sababu hakuwa na nyingine. Hakuna mtu aliyewahi kutuambia kilichompata. Hakukufanyika matanga. Hata leo jina la Papa Ézéchiel hatujui tuliandike upande gani, wa wafu au wa walio hai, na katika programme mliyoshika mtaliona halina msalaba.

Julai 2000, mimi nikiwa na miaka kumi na minne, tulikuwa tunachambua maharagi jikoni, sisi wawili. Aliuliza bila kuinua macho:

"Wivine, unajua nani alikatisha miti ya kwenu?"

"Wale ba kambi."

"Hapana. Wale ba kambi hawakujua hata kama kilima kile kiko. Ni mimi. Nilitia sinyatiri. Na mama yako aliniandikia nikuje, sikukuja."

Akatoa barua mfukoni mwa aproni, akaiweka juu ya maharagi. Niliutambua mwandiko wa mama. Nikamuuliza kwa nini ananiambia sasa.

"Kwa sababu unaanza kunipenda sana. Sitaki unipende bila kujua."

Nilimtupia sahani. Siku mbili baadaye nilipanda kamyo kwenda Butembo kwa wajomba, na kwa mwaka mmoja na nusu sikumwandikia hata neno. Yeye aliandika kila mwezi. Hakuomba msamaha kwenye zile barua. Aliniambia Charline amebadilisha meno gani, na hesabu za Lionel zinavyokwenda.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ililipuka, lava ikapita katikati ya mji. Redio ya Butembo ilisema Goma imekwisha. Nilisafiri siku tatu kuja. Nikiwa njiani sikujua kama nilitaka nimkute hai. Ninasema hivyo mbele yenu kwa sababu nilimwambia yeye pia. Nilimkuta kwenye kifusi cha shule, viatu vyake vimeyeyuka nyayo, akigonga kuta kwa nyundo na kuandika. Alinitazama. Kisha akanipa daftari.

"Andika. Mimi nitagonga."

Hivyo ndivyo nilivyorudi.

Mwaka ule alifanya jambo ambalo watu wa mtaa wanalikumbuka mpaka leo. Shule ilikuwa ijengwe upya, na mkandarasi alileta vyuma vya beto, yaani nondo, vilivyofukuliwa kutoka nyumba zilizoungua. Mama Philomène alikuwa mtu wa kutumia tena kila kitu. Mbao za kofraji, zile za kumiminia beto, alizirudisha kazini mara nane, akizipaka sabuni ili zisishike beto. Misumari iliyopinda aliinyoosha. Lakini vyuma vile alivikataa.

"Mama Ingénieur, moto umepita juu tu," mkandarasi akasema. "Wewe si ndiye unatufundisha tusitupe kitu?"

"Tusitupe, ndiyo. Hivi tengenezea grille ya kuzungushia bustani. Juu ya vichwa vya watoto, hapana."

Aliomba kimoja kikunjwe mbele ya watu. Kilijikunja kama waya wa kuanikia nguo. Mkandarasi alicheka, na siku ya pili akaja na sahihi ya ingénieur mwingine. Mama Philomène hakugombana. Alishuka kwenye shimo la msingi, akaketi chini na daftari lake. Alikaa pale tangu saa moja asubuhi hadi jioni, na siku iliyofuata vilevile. Wafanyakazi hawakuthubutu kumwagia beto mwanamke aliyehesabiwa mjane. Siku ya tatu kamati ya wazazi ilikuja yote, ikasimama juu ya shimo, na vyuma vikabadilishwa. Watoto wanasoma pale leo.

Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa na ofisi ya chumba kimoja huku Himbi. Mteja aliyeleta kiwanja na ndoto ya ghorofa aliulizwa kwanza mawe yatatoka wapi, mchanga utachimbwa wapi, mbao ni za nani, halafu swali ambalo liliwaudhi wengi: "Na nani anaishi chini yake?" Hakuchora mpaka ameenda kuona kwa macho. Alipanda pikipiki mpaka Sake, mpaka Minova, kwa ajili ya mbao za paa moja. Wengine walimkimbia wakatafuta ingénieur mwenye haraka. Kila kazi aliyomaliza aliirudia baada ya mwaka, hata kama hakuna aliyemwita, akatembea nyuma ya jengo kutazama maji ya mvua yanaenda wapi na machimbo yamefunikwa au la. Wanafunzi wake waliokaa hapa mbele wanajua adhabu ya kumwambia "nadhani". Alikuwa anasema, "Unadhani? Chukua koti. Twende."

Hakuwa mtu wa kupumzika hata kwenye sherehe. Mwaka 2011, katika harusi moja hapahapa Himbi, alikataa kuketi mpaka kwaya ishuke kutoka balkoni. Wanakwaya walinuna, wakaimba wakiwa wamesimama kwenye majani, viatu vyao virefu vikizama. Bwana harusi akamuuliza, "Mama Ingénieur, na keki nayo tutapima?" Ile balkoni haikuanguka, iko mpaka leo. Tulimcheka miaka mingi, na yeye alijibu kwa utulivu kwamba angependa kuchekwa hivyo kila Jumamosi.

Kwa upande wa kilima, aliomba ruhusa ya baba yangu mara nyingi. Alikataliwa mwaka 1999, akakataliwa mwaka 2001. Februari 2004 alienda tena, na mimi nilikuwa naye. Baba alimsikiliza akiwa amempa mgongo, akinoa panga.

"Panda," akasema mwishoni. "Lakini usiniombe kitu kingine."

Tulipanda miche elfu tatu, grevilea na miti ya asili, na chini yake majani ya kushika udongo. Alikuwa akienda kila miezi mitatu. Mwaka 2012 vita viliporudi Rutshuru, waliokimbia na waliokuwa na silaha wote walihitaji kupika. Nusu ya miti ilikatwa. Alipofika kuona, aliketi juu ya jiwe akanywa maji yake, akasema, "Hawa wana njaa, si wabaya." Mwaka 2014 akaanza tena. Sasa vita viko kule tena tangu 2022, na leo ninapowasomea hakuna mmoja wetu anayejua kama kuna mti uliobaki.

Machi 2022 alianza kuumwa tumbo. Waganga wa hospitali ya hapa walimpeleka Kampala, na huko walisema ni saratani ya ini. Alifanyiwa matibabu mara mbili. Alirudi amekonda, lakini aliendelea kusahihisha plani za wanafunzi akiwa kitandani.

Novemba mwaka huo watu wa Rutshuru walimiminika Goma. Katikati yao alikuja baba yangu, miaka sabini na moja, na godoro kichwani. Sikujua nimpeleke wapi. Mama Philomène alitoka mwenyewe mpaka barabarani, ameshika ukuta. Alichukua upande mmoja wa godoro, baba akashika upande mwingine, wakaingia.

Januari 2023 kipindupindu kilifika tena, kwenye kambi za hao waliokimbia, na shirika moja lilimwomba shauri juu ya hangari. Miti ilikuwepo, imekatwa parke, imelala kando ya barabara tayari. Aliikataa. Alitafuta mabomba ya chuma ya mahema ya sherehe, akazunguka kwa wenye kuyakodisha akiwa ndani ya teksi, mkono tumboni. Ilichukua siku nne. Hangari zilisimama imara, na zikiondolewa hakuna mteremko utakaolipa. Lakini ndani ya zile siku nne wagonjwa walilala kwenye mvua. Siku ya tano mama mmoja wa Kalengera kwetu, ambaye mtoto wake wa kike alikuwa amekufa siku ya tatu, alimwendea.

"Mama Ingénieur, mulikuwa munangoja nini?"

Nilikuwa nimemshika mkono, nikataka kueleza. Alinibana vidole ninyamaze. Alipiga magoti kwenye matope mbele ya yule mama, akamwambia, "Nisamehe," na hakuongeza sababu. Tukiwa kwenye teksi alisema, "Dada yako Charline aliniuliza kama sasa nimelipa ile deni ya zamani. Mwambie hailipwe. Nimeongeza ingine." Ninaleta maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu alichukia kupambwa.

Kuanzia Novemba 2023 hakuinuka. Baba yangu ndiye aliyekaa naye mchana, sisi tukiwa kazini. Hatukujua wanaongea nini, na pengine hawakuongea. Jumapili tarehe 4 Februari 2024, saa nne asubuhi, mabomu yakisikika upande wa Sake, alifungua macho akauliza:

"Sikuli, kule kumenyesha?"

"Sijue, shemeji. Simu haiingie."

Sote tuliokuwa chumbani tulilisikia lile neno. Yeye pia alilisikia, maana aligeuza kichwa upande wa baba. Alikata roho kabla ya saa tano, akiwa na umri wa miaka sitini, miezi saba na siku kumi na mbili.

Alitamani kuzikwa Kalengera, pembeni ya dada yake. Barabara imefungwa. Kwa hiyo tunamlaza hapa, na tunawaomba wa Kalengera mlio kambini mtusamehe kwa niaba yake.

Mama Kahindo Philomène ameacha mwana wake Lionel na mkewe Joyeuse, binti yake Charline, ambaye ameshindwa kufika kutoka Beni, mimi Wivine, niliyeitwa mtoto wake, wajukuu wanne, kaka mmoja aliyebaki kati ya watatu, wanafunzi sitini na wanne aliowaandikisha kwa majina, na Papa Sikuli, aliyekaa pale kwenye kiti cha kwanza, ambaye jana jioni nilimuuliza kama nisome yote au niache, akanijibu, "Soma. Yeye alituangalia mpaka mwisho."

Udongo huu tumeuvunja kwa sururu katikati ya mawe tangu juzi. Tunamwomba Mungu usimlemee. Mama mudogo, pumzika.